Shangazi, kodi ya jengo kihambani nalipa mimi: je, nyumba itakuwa yangu?

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe. Mimi ni mwanamke wa miaka 42, mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha, nimeolewa na nina watoto watatu. Kwetu ni Kibosho, Uchaggani. Baba yetu alifariki 2017 akatuacha watatu: kaka mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume ambaye ndiye kitinda mimba.

Baba aliacha kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, chenye nyumba yake ya zamani, na nyumba nyingine iko Pasua, mjini Moshi, ambayo ina wapangaji watatu. Ya Pasua iko kwenye kiwanja chenye hati, jina ni la baba mpaka leo. Kihamba hakina karatasi yoyote, kina masale tu, ile mimea ya kuonyesha mpaka.

Mwaka 2018 niliona mama anateseka. Bati la nyumba ya zamani linavuja, choo kiko nje mbali, na magoti yake yameshachoka. Nikachukua mkopo wa mshahara nikamjengea nyumba ya vyumba vitatu pale pale kihambani, choo ndani, nikavuta na umeme. Mita niliandikisha jina lake. Mkopo nimeumaliza mwaka jana. Nyumba ya zamani anakaa mdogo wetu na mke wake.

Makato ya kodi ya jengo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, yalipoanza Agosti 2021 ilikuwa 1,000 kwa mwezi, mama akawa ananunua umeme mwenyewe. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Siku moja alipeleka 2,000 yake dukani akapata uniti nne. Alirudi akitetemeka, akanipigia simu akisema kijana wa duka amemwibia. Kijana wa watu hakuiba chochote. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayenunua umeme kwa simu, wa nyumba ya mama na wa ile ya mdogo wangu pia, na makato ya zote mbili yanapita kwangu. Kila meseji nimenakili kwenye daftari: tarehe, namba ya mita, kiasi. Daftari nimeliweka kwenye kopo la biskuti pamoja na risiti za zamani za baba. Moyoni nilijiambia, iko siku hizi zitanitetea.

Desemba iliyopita tulikutana wote nyumbani. Siku mbili baada ya Noeli kaka alitoa karatasi mezani. Ya kwanza ilikuwa hesabu yake: nyumba ya mjini inakatwa 4,500 kwa mwezi, wapangaji wanaitoa kwenye hela ya pango wanayompa, wakati nyumba ya kijijini inakatwa 1,500. Kwa hiyo, alisema, yeye amebeba kodi ya mjini ambayo ni mara tatu, na sisi wa kijijini tumekaa tunakula raha. Karatasi ya pili ilikuwa deni la kodi ya pango la ardhi la kiwanja cha Pasua, malimbikizo tangu baba afariki pamoja na riba, jumla 612,000. Akasema hilo nilipe mimi kwa kuwa nina mshahara wa serikali. Halafu akamalizia kwamba Pasua itakuwa yake na kihamba kitakuwa cha mdogo wetu, kama mila inavyotaka.

Nikauliza, "Na nyumba ya mama?" Mdogo wangu akajibu akiangalia chini, "Dada, nyumba imesimama kihambani."

Sikuweza kusema neno. Nilikwenda jikoni, mama akanifuata, akanishika mkono akaniambia, "Lipa tu mwanangu. Nisife mkigombana."

Mume wangu anasema nisitoe hata shilingi, si ya deni wala ya umeme. Mwalimu mwenzangu amenishauri niende TANESCO nibadilishe jina la mita ya nyumba ya mama liwe langu, kwa kuwa anayelipa kodi serikalini ndiye mwenye nyumba. Nakala za kitambulisho nimeshatoa. Hakuna mtu wa nyumbani anayejua. Hela ya pango ya Pasua kaka hukusanya peke yake, hajawahi kutupa hesabu, na kusema kweli hatujawahi kumwuliza.

Shangazi, nilipe au niache? Na hilo la jina la mita, nitakuwa nakosea?

Ni mimi, binti wa Kibosho.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Pole sana. Ulichukua mkopo ukamtoa mama yako kwenye nyumba inayovuja, na sentensi moja ya mdogo wako ikakufanya ujione mgeni pale pale ulipozaliwa. Nimeona barua yako inauliza kuhusu kodi, lakini hapo jikoni ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kodi nitaigusa, maana ina mambo ambayo hakuna aliyewaeleza vizuri. Hilo la jikoni tutalirudia.

Nikikuelewa sawasawa, una mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. Kuna makato ya kila mwezi kwenye umeme. Kuna deni la ardhi la Pasua. Na kuna nyumba uliyoijenga juu ya ardhi ambayo mila inampa mtu mwingine. Kaka yako ameyaweka yote kwenye meza moja na kuyatolea bei moja, na wewe ukayapokea hivyo hivyo. Naomba tuyafungue, kila moja likae peke yake.

Tuanze na hiyo "mara tatu" ya kaka, maana ndiyo aliyoisimamia. Nyumba ya kawaida, yaani isiyo ya ghorofa, hukatwa 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Kiwango hicho ni kimoja, iwe nyumba iko Shanty Town, mtaa wa wenye nazo pale Moshi, yenye uwanja wa kupaki magari manne au iko Kibosho katikati ya migomba. Ghorofa ndizo zenye hesabu nyingine. Mimi huwa naona kiwango kimoja namna hii kinamwelemea zaidi mtu wa kijijini, na ushahidi umeuleta mwenyewe: katika 2,000 ya mama yako, robo tatu ilikwenda kwenye kodi kabla taa haijawaka, wakati anayenunua umeme wa 50,000 mjini hata haoni kama amekatwa. Lakini kwenye sheria, nyumba ya baba yenu Pasua na nyumba ya mama Kibosho zinadaiwa sawa.

Sasa kwa nini Pasua inakatwa 4,500? Umeandika wapangaji watatu. Nadhani kila mmoja ana mita yake. Kama ndivyo, nyumba moja inalipa kodi ya nyumba tatu. Jengo moja lenye mita kadhaa linatakiwa kukatwa kwenye mita moja tu, na mwenye nyumba anaomba zile nyingine ziondolewe. Hili huombwa kwenye ofisi inayosimamia kodi ya jengo, akienda na namba za mita zote. Kwa mwaka ni 36,000 inayotoka bila sababu. Kwa hiyo kaka yako hakukudanganya, mwanangu. Hela yake ya pango kweli imepungua mwezi hadi mwezi, na yeye akaamini mjini ndivyo kulivyo. Ukimwendea na habari hii kabla ya habari nyingine yoyote, utakuwa umemsaidia, na mtu uliyemsaidia huongea tofauti na mtu uliyemjibu kikaoni.

Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine kabisa, hata kama majina yanafanana. Hiyo hudaiwa ardhi, na huenda na hati: ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake ndivyo vinavyoamua kiasi. Kiwanja cha Pasua kina hati, ndiyo maana kinaletewa bili. Kihamba mmekishika kimila, ndiyo maana hamjaona bili ya namna hiyo. Hapo ndipo mjini na kijijini vinapoachana kweli, na hapo kaka ana hoja. Deni hilo halipaswi kupuuzwa. Likikaa sana huja ilani, halafu shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hati yenyewe inaweza kufutwa. Mkifika huko hakuna atakayepata Pasua.

Lakini deni ni la nani? Hati ina jina la marehemu. Hilo ni deni la mali ya baba yenu, na mali hiyo inaingiza hela kila mwezi kutoka kwa watu watatu. Sijui kwa nini katika kikao kizima hakuna aliyeuliza kama hela ya pango haiwezi kulipa pango la ardhi. Labda mliogopa itasikika kama kumshtaki kaka. Inaweza kuulizwa kwa upole: "Kaka, tukitenga hela ya wapangaji ya miezi michache, deni si litaisha?" Nenda pia ofisi ya ardhi uombe mchanganuo wa mwaka kwa mwaka, uone deni halisi ni kiasi gani na riba ni kiasi gani, na uulize kama wanapokea kwa awamu. Serikali imewahi kusamehe riba ya malimbikizo haya, kwa hiyo kuuliza si aibu.

Unaweza pia kuamua kulipa wewe. Wapo wanaofanya hivyo kwa moyo mweupe na hawajuti. Hatari ninayoiona ni kulipa huku ukiamini umenunua kitu. 612,000 zikitoka bila maandishi, mwaka kesho zitaitwa msaada wa dada. Zikitoka na karatasi iliyosainiwa na wote watatu kwamba umeikopesha mali ya marehemu, zitarudi siku mirathi ikigawanywa. Ukigawa kwa tatu, kila mmoja ni 204,000. Hiyo nayo ni njia, ingawa mdogo wako huenda hana.

Nije kwenye kopo la biskuti. Hapa nitasema jambo litakalokuuma kidogo. Risiti ya kodi haimfanyi mtu mwenye nyumba. Inaonyesha kodi imelipwa, basi. Mpangaji wa Pasua naye ana risiti za miaka na hakuna atakayesema nyumba ni yake. Jina kwenye mita linaonyesha nani ni mteja wa umeme. Mwalimu mwenzako amekushauri kwa nia njema, na imani hiyo wanayo wengi, lakini ukisimama mbele ya baraza na daftari lile peke yake utaumia.

Halafu kuna jambo ambalo sidhani ulikuwa unalijua. Mtu aliyefikisha miaka 60 ana msamaha wa kodi ya jengo kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi mwenyewe, isiyo ya biashara. Umri wa mama hukuutaja, ila kwa mtoto wa kati wa miaka 42 nadhani ameshaivuka hiyo sitini. Msamaha hauji wenyewe, unaombwa. Chukua kitambulisho chake, namba ya mita na barua ya serikali ya kijiji, nenda ofisi ya kodi ya jengo ueleze. Sasa tazama: mita ikiwa na jina la mama, na nyumba ikitambuliwa ni ya mama, ana haki ya kuomba asikatwe hata shilingi. Ukihamishia kwako wewe wa miaka 42, umeiondoa nyumba kwenye haki hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Na siku mdogo wako atakapoona jina limebadilika kimya kimya, na hapo kihambani mambo hayafichiki, wewe ndiye utakayeonekana umeanza kunyang'anya. Nakala ulizotoa ziko mkononi mwako bado. Amua ukiwa unajua hayo.

Shauri la mume wako la kuacha yote nalielewa. Mkopo ule ulikatwa kwenye mshahara uliokuwa ule na watoto wake, na yeye amevumilia miaka mingi. Ana haki ya kuchoka, na sijui kama umewahi kumwambia hivyo. Ila makato ya LUKU hayakai yakisubiri mgomo. Usiponunua miezi minne, deni linajumlishwa, na wa kwanza kupeleka hela atakatwa 6,000 kwa mpigo. Na wa kwanza atakuwa mama, na 2,000 yake. Mita ya mdogo wako ni habari nyingine. Yeye ni mtu mzima mwenye mke, na nyumba anaitumia. Hapo unaweza kupumzika bila mtu kulala gizani, ukimwambia mapema badala ya kukata ghafla.

Sasa nyumba yenyewe. "Imesimama kihambani." Maneno hayo ni ya kweli na hayatoshi. Mila ya kwetu kweli inampa kitinda mimba kihamba cha wazazi, lakini inampa pamoja na mzigo wa kuwatunza wazazi hao, na mzigo huo naona ulibebwa na wewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza iliamua katika shauri lililotoka Kagera kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanaume awezavyo. Kwa hiyo mlango wa sheria upo. Sikusukumi kuuingia. Shauri la ardhi baina ya ndugu hula miaka na nauli, na mtu anaweza kushinda kihamba akakosa pa kukaa siku ya msiba.

Kuna njia fupi kuliko hiyo. Tangu 2017 hamjafungua mirathi. Kila mnachogawana mnagawana cha marehemu ambaye hana msimamizi, na hata makubaliano mazuri hayatashika. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, mpendekeze msimamizi, mwende mahakamani na cheti cha kifo. Mara nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo, na karani atawaelekeza kama shauri lenu linapaswa kwenda kwingine. Hapo ndipo nyumba uliyojenga inatajwa: nani alijenga, mwaka gani, kwa hela ya nani, na itakuwaje mama akiondoka. Huenda wakakubali eneo lako likatwe na kupandwa masale. Huenda wakakubali ukae ukija lakini usiuze. Huenda wakasema urudishiwe gharama. Kila moja ina uzito wake, na ni wewe unayejua lipi unaweza kuishi nalo. Hatari yake nayo ipo: mirathi ikishafunguliwa kaka atatakiwa kutoa hesabu ya wapangaji, na asipoandaliwa atadhani umemwitia mahakama. Mwambie kwanza, mkiwa wawili.

Na sasa lile la jikoni. Kuna mjane katika nyumba hii. Mali mnayoigawana alilima yeye na baba yenu, na katika barua nzima hakuna aliyemwuliza anataka nini. Alisema "lipa tu". Uliisikia kama amri, na ukahisi amechagua upande wa kaka zako. Mimi nimesikia mwanamke aliyesimama mlangoni mwa jikoni akiomba kelele ziishe. Yawezekana nimekosea, simjui. Lakini ungemwuliza mkiwa wawili, bila kaka, bila karatasi: mama, nyumba hii unataka iwe ya nani? Una haki ya kusema, uliijua?

Mdogo wako naye, aliyeangalia chini. Hukuniambia kama alikuwa na kiburi au aibu. Anayejua kihamba ni chake kwa haki huwa haangalii chini. Kwetu, mtu akiletewa jani la sale huwa hawezi kukataa kusamehe. Sijui kati yenu nyinyi wawili ni nani anayepaswa kulichuma, ila nahisi mlikuwa karibu zamani.

Kama utapanda Kibosho likizo ijayo, nenda siku moja kabla ya wengine. Pitia Moshi asubuhi umalize habari ya msamaha wa mama na zile mita za Pasua, uwe na kitu cha kuwapa mkononi. Daftari usilitupe. Liandike upya kwa mpangilio, nyumba ya mama ukurasa wake, ya mdogo wako ukurasa wake, na gharama za ujenzi kama bado unazo. Siku msimamizi atakapofungua hesabu atauliza nani alitoa nini, na wewe utakuwa umejiandaa. Ukishazungumza na mama, niandikie alichosema.